Ekseli za Mwalimu

Januari 6

Dada yangu, na shemeji yangu Mwalimu,

Kama kuna mtu aliyezaliwa na nyota kichwani basi ni mimi, na nawaomba msibishe mpaka mfike mwisho wa ukurasa. Nimepata kazi. Si kazi ya kubeba wala ya kufagia. Nimewekwa kuwa bosi wa stoo katika duka la spea kubwa kuliko yote mji huu, duka lenye ghorofa, lenye ngazi ya chuma, na feni inayozunguka hata kama chini yake hakuna mtu. Ilikuwa hivi: nilikuwa napita zangu, nimevaa lile koti alilonipa shemeji, nikamsikia mteja anabishana na muuzaji juu ya beringi ya gurudumu. Nikaingilia kati, nikawaeleza wote wawili. Tajiri mwenye duka akauliza nimesomea wapi. Nikamwambia, mzee, shule niliiacha njiani kwa sababu mwalimu wa hesabu alikuwa ananionea wivu. Alicheka mpaka akashika meza. Jioni ile ile nikakabidhiwa funguo.

Sasa nikitembea funguo zinanigonga pajani, nasikika kabla sijaonekana. Wanaume wenye vitambi vyao wananiita bosi, na mimi naitika taratibu, kama mtu aliyezoea.

Shemeji, wewe ndiye uliyenifundisha kushika usukani katika gari hilo hilo unalofundishia watu, na siku nilipogonga geti la jirani ukamwambia dada kwamba ni wewe uliyegonga. Sijasahau. Gari likitaka chochote, msinunue huko. Niandikieni kwa posta, barua zangu nazifuata mwenyewe. Mimi nachagua, mimi natuma.

Wenu, bosi wa stoo
(lakini nyinyi niiteni Bingwa kama zamani)

Januari 19

Mdogo wangu Bingwa,

Hongera. Nimeisoma barua yako nikiwa na pini mdomoni, nusura nizimeze. Mteja aliyekuja kupimwa gauni aliuliza nacheka nini, nikamwambia mdogo wangu amekuwa bosi, akauliza, yule yule? Nikasema ndiyo, yule yule.

Kuhusu geti, nilijua siku nyingi. Mwalimu hajui kusema uongo, masikio yanamwiva.

Ila umeandika wakati mzuri. Gari letu linalia. Saa ya kilomita ilizunguka ikarudi mwanzo zamani, na wanafunzi wanaokata kona huku usukani umekunjwa mpaka mwisho wamelimaliza magoti. Ukipinda kulia linapiga ka-ka-ka-ka, kama mtu anavunja njugu. Fundi Kipara amelala chini yake akatoka na grisi usoni, akasema ekseli zote mbili za mbele zimechoka, mpira unaofunika jointi ya kushoto umepasuka, mchanga umeingia ndani. Kuna njia tatu, anasema: kununua ekseli mpya za bei rahisi pale duka la kona, kutafuta za mtumba kutoka kwenye gari lililogongwa, au kubakiza vyuma vyetu na kubadilisha jointi na mipira tu.

Mwalimu anataka za duka la kona, amalize. Na waya wa hendibreki nao umekatika. Amesema vyote vitatengenezwa siku moja, gari likishapanda jeki. Kwa sasa kwenye mteremko anazima injini na kuliacha ndani ya gia, na wanafunzi wake wote anawafundisha hivyo hivyo: gia ndiyo hendibreki ya mtu mwenye akili.

Nimemwambia asinunue kitu kabla bosi hajasema.

Dada yako

Januari 30

Dada na shemeji,

Za duka la kona? Shemeji, nakuheshimu kuliko mtu yeyote anayevaa soksi ndani ya kandambili, lakini hapo umenivunja mbavu. Vile si vyuma, ni biskuti. Hapa kwangu tunavitumia kuzuia mlango usifungwe na upepo. Mtu akija kuviulizia vijana wangu wanatazamana.

Sikiliza sasa, nakupa elimu bure. Ekseli unaichagua kama unavyochagua mchumba, hutazami rangi. Kwanza hesabu meno ya ncha zote mbili, ya upande wa gia boksi na ya upande wa gurudumu, maana kuna zinazofanana sura na haziingii. Pili pima urefu, ya kulia na ya kushoto si ndugu. Tatu ikunje jointi kwa mkono: ikiwa nzima inakwenda nzito, kama shingo ya mtu mwenye kiburi. Ikilegea, achana nayo. Nne, mpira. Ukibonyeza ukisikia mchanga unasaga ndani, rudisha, hata kama muuzaji ni mjomba wako. Na gari lililokwenda kiasi hicho halitaki mpya ya ovyo, bora mtumba mzuri wa kiwandani.

Mimi ninazo za kiwandani. Zimo kwenye kasha, na ufunguo wa kasha ninao. Nipeni muda kidogo tu, taratibu za duka kubwa zina sahihi nyingi. Nyinyi msubiri. Mkigusa za kona nitajua, na sitakuja tena kula kwenu.

Bingwa

Februari 24

Bingwa,

Tumesubiri. Kelele sasa inasikika hata gari likienda mbele, na mtaa mzima unajua Mwalimu anarudi kabla hajafika. Watoto wanamwigiza kwa midomo. Mwanafunzi mmoja amehamia kwa yule mwalimu mwingine mwenye gari la bluu, akasema hawezi kujifunza huku amejikunyata.

Juzi Mwalimu alifika mpaka mlango wa duka la kona. Akarudi. Nilipomuuliza akasema, "Nikinunua hapa, siku akileta zake nitamtazamaje? Kijana amepata cheo, ameona atukumbuke." Ndivyo alivyo, unamjua. Amekaa ukumbini anasafisha ule ubao wake wa L kwa mate na kitambaa, ananitazama kama mtu aliyekosa basi.

Kwa hiyo tuambie ukweli, ndugu yangu. Zinakuja au haziji?

Dada yako

Machi 4

Dada, usiniulize kama mahakama. Zinakuja. Kuna mzigo umekwama na tajiri amesafiri na muhuri mfukoni, ndiyo dunia ya wakubwa ilivyo.

Lakini je, Bingwa anaweza kuwaacha hivi hivi? Nawapa siri ambayo mafundi hawatoi mpaka wafe. Mwambieni Kipara afungue zile jointi za nje, iliyokuwa kushoto aihamishe kulia, ya kulia aipeleke kushoto. Aoshe, ajaze grisi mpya, afunge. Basi. Njia za gololi zilizomo ndani ya jointi zimelika upande mmoja tu, upande unaosukuma gari kwenda mbele. Ukizihamisha, gololi zinakanyaga upande ambao bado mzima. Gari litanyamaza kama limemwagiwa maji. Shemeji ataendesha mpaka achoke, na za kiwandani zikifika zitakuta hakuna haraka.

Pesa za duka la kona fanyieni mambo mengine. Nunueni hata pazia.

Bosi Bingwa

Machi 15

Mdogo wangu,

Limenyamaza. Nakuapia, limenyamaza kimya. Mwalimu alilizungusha uwanjani huku usukani umekunjwa, kulia, kushoto, akasimamisha, akashuka, akapiga boneti kofi kama anampongeza ng'ombe. Alipoingia ndani alisema mtoto wa watu ana kichwa, tulikuwa tunamdharau bure. Nimemsikia akimsimulia jirani yule mwenye geti. Jina lako limetajwa mpaka chai ikapoa.

Kipara alinuna kidogo. Anasema jointi imenyamaza lakini haijapona, na kwamba ile kelele ilikuwa inatusaidia. Mwalimu akamwambia umechukia kwa sababu hukuijua wewe. Wote wakacheka, na mimi nikacheka.

Bati za paa la jikoni tumebadilisha. Hendibreki itasubiri ekseli zako. Tuko na raha.

Dada yako

Aprili 9

Kwa Msimamizi wa Duka la Spea,

Mimi ni dada wa bosi wa stoo wako, yule mnayemwita Bingwa. Barua hii anakuletea dereva wa lori mkononi, kwa kuwa sina njia nyingine ya haraka. Naomba umpe mdogo wangu ruhusa aje nyumbani, na umpe habari hii akiwa amekaa.

Mume wangu, mwalimu wa udereva, amefariki. Alikuwa anamfundisha mama mmoja muuguzi kupandisha mlima. Katikati ya mlima gari likapiga kishindo kimoja likasimama. Alimwambia yule mama aendelee kukanyaga breki, akashuka kutazama. Nyuma akaona ubao wa L umening'inia, akainama kuufunga. Akamwambia mwanafunzi wake, "Zima, tia gia, shuka." Yule mama alifanya kama alivyofundishwa. Alizima, akatia gia, akaondoa mguu. Fundi amenieleza kwamba jointi ilikuwa imekatika, na ekseli moja ikikatika gia haishiki kitu, ni kama hakuna. Gari lilirudi nyuma likambana ukutani.

Mazishi tutamsubiri mdogo wangu. Alimpenda sana shemeji yake.

Fundi cherehani, mjane wa Mwalimu

Aprili 12

Kwa Mama Fundi Cherehani,

Barua yako imepokelewa. Stoo yetu inaongozwa na mpwa wa mwenye duka, tangu duka lifunguliwe, na hana dada.

Nilipowauliza vijana walicheka, wakaniambia huenda unamzungumzia mtu wanayemwita Kengele. Huyo anasimama nje ya geti anaita wateja, na wauzaji wakipenda humpa chochote. Analala katika bodi la gari bovu nyuma ya ukuta wetu. Mwezi wa kwanza alifukuzwa getini baada ya kukutwa anachambua pipa la vyuma vilivyotupwa, akitafuta jointi za kuuza. Baadaye alirudi, kama nzi wanavyorudi. Kwa kuwa uliomba ruhusa ya mfanyakazi wetu na yeye si mfanyakazi wetu, sikuona sababu ya kumwita wala kumweleza lolote.

Pole kwa msiba. Kama mnahitaji ekseli, bei zetu ni nzuri.

Msimamizi wa Duka

Aprili 25

Bingwa, mdogo wangu, bosi wangu,

Umetusahau. Huku ni salama. Mwalimu amepumzika vizuri, halalamiki. Ila gari limeanza tena, na anasema sasa hataki mzaha wa kuhamisha jointi, anataka zile za kiwandani za kwenye kasha lako. Amesema achague Bingwa mwenyewe kwa mkono wake, asitume vijana wake wenye kutazamana.

Hesabu meno. Pima urefu. Ikunje usikie kama ina kiburi. Si ulitufundisha hivyo? Na utuandikie kila ulichokitazama, Mwalimu anapenda nimsomee.

Dada yako

Mei 8

Dada, shemeji,

Nilikuwa nangoja hiyo barua! Nilikuwa naona labda mmenichoka. Mwambie shemeji asiwe na wasiwasi, nimelivalia njuga jambo hili. Bosi mwingine angeagiza tu. Mimi nimeingia mwenyewe kwenye lundo la magari yaliyogongwa, nikalala chali kwenye matope kama fundi wa kawaida, ili mradi nione kwa macho yangu. Vijana wangu walishangaa mno.

Nimepata ya kushoto. Imetoka kwenye gari la mzee mmoja aliyekuwa analiendesha kwenda ibadani tu. Meno sawasawa na yenu, nimeyahesabu kwa ukucha. Mpira wake laini kama shavu la mtoto. Mlinzi wa yadi alinikubalia baada ya kumpakulia lori zima la injini mbovu, yaani nilisimamia lori lipakuliwe. Mkono mmoja umevimba kidogo, kalamu inateleza, samahani kwa mwandiko.

Shemeji, mambo ya geti nimelipa sasa.

Bingwa

Mei 20

Bingwa,

Nimemsomea Mwalimu barua yako yote. Hakusema neno. Mimi nasema kwa niaba yake: moja haitoshi. Gari lililokwenda kiasi hiki ukiliwekea mguu mmoja mzima linaanza kuchechemea. Leta mbili. Na ile uliyopata tunaitilia shaka, mzee wa ibadani anaweza kuwa alikuwa anakunja kona vibaya. Itupe, utafute nyingine. Kwa bosi mwenye funguo hilo ni jambo la kuagiza tu, au vipi? Au funguo zimepotea?

Usituandikie mpaka uwe na jozi.

Dada yako

Juni 2

Dada,

Ninayo jozi. Ile ya kwanza niliitoa nikaongeza na vitu vyangu viwili vitatu, nikapata mbili kutoka gari moja, mapacha, hazijawahi kutengana. Koti la shemeji nimelipumzisha, huku kuna joto, mtu wa cheo hawezi kutoka jasho mbele ya wateja. Redio yangu nayo nimeipa mapumziko. Nimekohoa kidogo lakini ni vumbi la mafanikio.

Siamini mizigo ya watu. Nazileta mwenyewe begani. Nataka nimwone shemeji anavyozitazama. Mwambie asivae viatu vizuri, tutalala chini ya gari pamoja, mimi na yeye, na Kipara atushikie taa tu. Na hendibreki nimemchukulia waya, zawadi, asije akasema nilisahau.

Natafuta lori la kunipa lifti. Anzeni kupika.

Bingwa

Juni 9

Bingwa,

Usije.

Mwalimu amekufa tangu mwezi wa nne. Jointi uliyotuambia tuihamishe upande mwingine ilikatika mlimani, gari likarudi likambana ukutani akiwa amevaa lile shati nililomshonea. Tulimzika bila wewe. Niliandika barua ya msiba kwa msimamizi wa duka, nikikutaja kwa cheo chako, nikajibiwa kwamba hakuna cheo, kuna mtu anaitwa Kengele analala kwenye gari bovu. Tangu siku ile najua. Gari lenyewe nimelikatisha vyuma. Ukutani kumebaki rangi yake.

Unauliza kwa nini nikakutuma ekseli? Nilitaka utafute. Nilitaka ulale kwenye matope, upakue, uuze, ukohoe, uchague kwa ukucha wako, kwa ajili ya gari ambalo halipo. Sisi tulisubiri ekseli zisizokuwepo, na wewe nikataka usubiri shukrani ya mtu asiyekuwepo. Kila barua yako niliisoma kwa sauti, peke yangu, nikitazama kiti chake. Ile ya mkono kuvimba niliisoma mara mbili. Nilidhani ningejisikia vizuri.

Alirudi kutoka mlango wa duka la kona kwa ajili yako. Zile biskuti zingemfikisha.

Huna dada.

Juni 17

Dada,

Barua yako nimeisomea ndani ya gari ninalolala, kiti cha dereva, maana cha abiria kimejaa. Ekseli zimo humo, nimezifunga gazeti. Ni nzuri. Nimezikunja tena leo, zina kiburi kabisa. Nilichagua vizuri, dada. Sijui kwa nini nakwambia.

Utani umeniishia, kwa hiyo nitasema machache. Ile ya kuhamisha jointi niliisikia getini, kwa madalali. Wanafanya hivyo gari likitaka kuuzwa, linyamaze mpaka mnunuzi afike kwake. Nilijua ni ya kuuzia wakati nawaandikia. Nilifikiri nitapata za kweli kabla haijakatika. Kila siku niliona ni kesho. Kipara alisema kweli, na mkamcheka kwa sababu yangu.

Sitakuja. Waya wa hendibreki nimeufungia mlango wa hili gari, ulikuwa haufungi.

Kengele

Ile barua ya kwanza ya Januari niliiandika hapa hapa, mdomo umepasuka, siku waliyonikuta kwenye pipa. Tajiri hajawahi kuniona. Funguo sikupewa, wala nyota sina. Niliwadanganya.